Ramani za njia za pwani ya Ireland zilizopakwa rangi kwa mkono: utajuaje rangi ni ya lini?

SWALI: Mtaalamu, hongera kwa kazi. Ninaishi Belfast na hivi karibuni nilinunua ramani mbili mnadani. Ya kwanza ni karatasi ndogo ya ukurasa wa kitabu, yenye ukanda wa njia inayotoka Larne kuelekea kaskazini; bahari imepakwa buluu, ukingo wa pwani kijani, na nyuma yake kuna ramani ya njia nyingine. Ya pili ni ramani kubwa ya Ireland nzima, imekatwa vipande na kubandikwa juu ya kitambaa ili ikunjwe. Muuzaji aliandika kwamba zote ni za karne ya 18 na rangi ni ya mkono. Nitathibitishaje? Nizisafishe vipi? Na nikirudi nyumbani Mombasa, zitastahimili?

JIBU: Ndugu msomaji, anza kwa kuiweka rangi kando. Najua ndiyo iliyokuvuta, na muuzaji ameitanguliza kwa sababu hiyo hiyo, lakini kwenye ramani za aina hii rangi ndiyo ushahidi wa kuulizwa mwisho. Ramani ilichongwa kwenye bamba la shaba na kuchapwa kwa wino mweusi. Rangi ilitiwa baadaye kwa brashi, pengine juma lile lile katika duka la mchapishaji, pengine miaka 200 baadaye na mtu aliyetaka karatasi ipendeze ukutani. Maneno “rangi ya mkono” ni kweli kwa hali zote mbili. Kwa hiyo muuzaji wako huenda hakusema uongo, ila hajakuambia unalotaka kujua.

Una maswali matatu ndani ya moja: karatasi ilichapwa lini, nchi iliyochorwa ni ya mwaka gani, na rangi ilitiwa lini. Yajibu kwa mpangilio huo, maana la tatu haliwezi kujibiwa kabla ya mawili ya mwanzo.

Kwa maelezo yako, karatasi ndogo inafanana sana na ukurasa wa kitabu cha George Taylor na Andrew Skinner, wapimaji wawili wa Scotland. Walikuwa wametoka kuchapisha njia za Scotland mwaka 1776. Wakavuka, wakapima njia za Ireland mwaka 1777, na kitabu kikatoka London mwaka 1778, kikarudiwa mwaka 1783. Kina kurasa 288 za ramani, zimechapwa pande zote mbili za karatasi, ndiyo maana ya wewe kukuta njia nyingine upande wa nyuma. Kila ukanda hufuata njia moja tu: kulia na kushoto mna mito, makanisa, magofu, na hasa nyumba za matajiri zilizoandikwa majina ya wenyewe, kwa kuwa hao ndio waliotarajiwa kununua kitabu. Njia inapopinda, mchoraji haukunji ukanda. Anageuza mshale wa kaskazini. Angalia mishale hiyo kwanza. Ukiiona inaelekea pande tofauti kutoka ukanda mmoja hadi mwingine, usidhani ni kosa. Ndivyo ramani za ukanda zilivyofanya kazi tangu John Ogilby alipozizoesha Uingereza mwaka 1675.

Sasa shika kioo cha kukuzia mara 10 na ukae dirishani mchana. Mstari uliochongwa kwenye shaba huanza mwembamba, hunenepa katikati, na huisha kwa ncha kali, kwa sababu patasi iliingia na kutoka kwenye bamba. Wino wake umeinuka kidogo juu ya karatasi. Wakati mwingine ncha ya kidole husikia mkwaruzo, hasa kwenye herufi kubwa. Ukiona vidoto vidogo vilivyopangwa kwa safu, au mstari wenye unene mmoja na kingo zilizomeguka, umeshika nakala ya mashine ya kisasa. Kitabu cha Taylor na Skinner kilitolewa upya huko Shannon mwaka 1969 kwa ajili ya watafiti, kikiwa kitabu halali kabisa, na kurasa zake zikipakwa rangi na kutiwa fremu zinaweza kumhadaa asiyekuwa na kioo.

Kisha laza mwanga: zima taa za juu, washa tochi ya simu na uilaze karibu sambamba na karatasi. Bamba la shaba lilibanwa kwa nguvu kubwa juu ya karatasi iliyoloweshwa, kwa hiyo kingo zake huacha mfinyo wa mstatili kuzunguka mchoro. Huo mfinyo unaweza kukosekana pale karatasi ilipopunguzwa kingo na mfunga vitabu, jambo la kawaida kwa kurasa ndogo. Kukosekana kwake peke yake hakumaanishi nakala. Na kuwepo kwake peke yake hakutoshi pia, maana wapo wanaobana mfinyo wa uongo. Unapima mfinyo pamoja na wino na karatasi.

Karatasi nayo ina ushahidi wake. Iinue dhidi ya dirisha. Karatasi ya kitabu ya miaka ya 1770 kwa kawaida huonyesha mistari myembamba iliyosongamana na, kila baada ya takriban sentimita 2.5, mstari mnene unaoikata; ni alama za waya za kiunzi kilichoteka rojo la matambara. Karatasi laini isiyo na mistari ilianza kutengenezwa England katika miaka ya 1750, lakini ilienea kwenye vitabu kuelekea mwisho wa karne. Basi ukurasa unaodaiwa kuwa wa 1778 ukiwa hauna mistari, simama hapo na uulize zaidi. Ukikuta mwaka ndani ya alama ya maji (alama ya mtengenezaji iliyomo ndani ya karatasi, huonekana ikiinuliwa kwenye mwanga), umepata bahati: tangu mwaka 1794 sheria za kodi ya karatasi Uingereza ziliwapa watengenezaji sababu ya kutia mwaka. Mwaka huo unakuambia kabla yake karatasi haikuwepo. Haukuambii ilichapwa mwaka huo huo.

Tochi ya miale ya urujuanimno ya nanomita 365 haina bei kubwa na inafaa kumilikiwa na yeyote anayenunua karatasi za zamani. Katika chumba chenye giza, karatasi ya matambara hung'aa hafifu, kwa rangi ya maziwa au manjano. Karatasi nyingi za baada ya Vita Kuu ya Pili hung'aa buluu-nyeupe kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, kwa kuwa zina kemikali zile zile za kung'arisha. Karatasi ya kisasa iliyochovywa kwenye chai au kahawa ili ionekane ya zamani hujitoa yenyewe: hudhurungi yake imeenea sawasawa mbele, nyuma na hadi ndani ya mikunjo, wakati karatasi iliyozeeka kihalali huungua kingo, ambako hewa na vumbi viliifikia, na kubaki nyeupe zaidi pale ilipofichwa na jalada au fremu.

Sasa tuingie kwenye njia yenyewe, na hapa wewe wa Belfast una bahati kuliko wengi, maana pwani ya Antrim, kaunti yenye mji wa Larne, ni kama kalenda. Leo ukitoka Larne unaendesha gari chini ya majabali, bahari ikiwa mkono wa kulia karibu muda wote. Njia hiyo haikuwepo wakati wa Taylor na Skinner. Ilijengwa kati ya mwaka 1832 na 1842, mhandisi akiwa William Bald, ambaye alilipua kingo za majabali ili mawe yaanguke ufukweni na kuwa msingi wa barabara. Kabla yake msafiri alipanda na kushuka vilima, na mabonde ya Antrim yalifikika kwa shida. Kwa hiyo fuata ukanda wako kwa kidole: njia ikikwea bara na kuiacha bahari mara kwa mara, inaendana na 1777. Ikikumbatia ufukwe mfululizo kutoka Larne hadi Cushendall, ramani hiyo haiwezi kuwa ya karne ya 18, hata karatasi iwe na mistari ya kupendeza namna gani.

Pwani nzima ya Ireland husomeka hivyo. Mji wa Clifden kule Connemara, magharibi mwa Ireland, ulianzishwa karibu na mwaka 1812. Ramani inayouonyesha ni ya baada ya hapo. Bandari ya kusini mwa Dublin iliitwa Dunleary, ikawa Kingstown mwaka 1821, na mwaka 1920 ikachukua jina la Dún Laoghaire. Reli ya Dublin hadi Kingstown ilifunguliwa mwaka 1834, ya kwanza nchini. Bandari ya Cork iliandikwa Cove, ikageuzwa Queenstown alipozuru Malkia Victoria mwaka 1849, na jina hilo likaondolewa uhuru ulipokaribia, ndipo ikawa Cobh. Mnara wa taa wa Fastnet, kusini-magharibi kabisa, uliwaka mara ya kwanza mwaka 1854. Tumia mambo haya kwenye ramani yako kubwa, siyo ile ndogo: ukanda mmoja una alama chache mno, ramani ya nchi nzima inazo kadhaa, na kila moja hupunguza miaka inayowezekana.

Tahadhari moja. Alama hizi zinakupa mwaka wa mapema kabisa ramani inapoweza kuwa imechorwa. Haziwezi kukupa mwaka wa mwisho. Bamba la shaba lilikuwa mali. Mchapishaji alilitunza, akaliuza, mnunuzi akafuta anwani ya zamani na kuchonga yake, na ramani ya nchi ya 1776 ikaendelea kuuzwa kizazi kizima. Atlasi ya kaunti ya Bernard Scalé, iliyotoka mwaka 1776 na ambayo mara nyingi hukutwa na rangi nzuri ya mkono, ilirudiwa hadi ndani ya karne ya 19 kwa mabamba yale yale. Ndiyo sababu ninasisitiza mwaka wa alama ya maji. Dalili nyingine ya mchapo wa nyuma ni uchovu wa bamba: shaba ni laini, kila mchapo huila, na mistari myembamba ya milima na mawimbi hufifia kwanza huku herufi kubwa zikibaki nyeusi.

Angalia pia kipimio cha maili. Maili ya Ireland ilikuwa yadi 2,240, takriban mita 2,048. Ya England ni yadi 1,760, mita 1,609. Tofauti inatokana na fito ya kupimia: ya Ireland yadi 7, ya England yadi 5 na nusu, na maili ni fito 320 kwa zote mbili. Njia iliyoandikwa maili 10 kwenye ukanda wa 1778 ni kilomita 20.5 ardhini, si 16. Wengi huzikataa ramani halali kwa kudhani zina makosa ya umbali, kumbe wamepima kwa maili isiyo yake. Zidisha kwa 14 ugawe kwa 11, upate maili za England. Bunge la London liliunganisha vipimo kwa sheria ya mwaka 1824, lakini maili ya Ireland iliendelea kutumika barabarani kwa miongo mingi baadaye, hivyo isiwe ushahidi wako wa pekee.

Sasa rangi.

Jambo la kwanza ulijue kabla ya kushika kioo: kitabu cha Taylor na Skinner kilikuwa chombo cha safari, na nakala zake kamili hukutwa kwa kawaida zikiwa nyeusi na nyeupe. Kurasa zilizochanwa moja moja na kuuzwa zikiwa na bahari ya buluu, kwa sehemu kubwa, zilipakwa zama zetu. Kwa hiyo kwa ukurasa wako mdogo, dhana ya kuanzia ni kwamba mchapo ni halisi na rangi ni mpya, hadi rangi yenyewe ikuthibitishie vinginevyo. Ramani kubwa ya kukunja ina hali ya kinyume. Ramani za aina hiyo ziliuzwa dukani zikiwa zimeshapakwa, kwa kawaida mpaka tu: mstari mwembamba wa rangi kufuata ukingo wa kaunti, jimbo au dayosisi, huku ndani pakiachwa peupe. Ramani ya Daniel Augustus Beaufort ya mwaka 1792, iliyoonyesha mipaka ya kanisa pamoja na ya serikali, ni mfano mzuri. Ile uliyoipenda zaidi kwa rangi zake ndiyo yenye rangi ya kutiliwa shaka, na ile ya mistari hafifu ndiyo huenda ikawa na rangi ya siku yake.

Geuza karatasi uangalie kijani. Kijani cha zamani kilichotengenezwa kwa kutu ya shaba na siki huila karatasi polepole: shaba huchochea kuoza kwa nyuzi, na nyuma ya mstari wa kijani hutokea kivuli cha hudhurungi kinachoufuata hatua kwa hatua. Kikikomaa, karatasi hupasuka juu ya mstari huo huo. Kivuli hicho ni vigumu kukiigiza, kwa sababu hutokea ndani ya karatasi, na kingo zake hufifia taratibu kupita mstari wenyewe. Kivuli kilichopakwa kwa brashi kina kingo kali, na mara nyingi hakilingani na upande wa mbele ukiinua karatasi kwenye mwanga. Hata hivyo usiitupe ramani kwa kukosa kivuli. Wapakaji wengi wa mwisho wa karne ya 18 walichanganya buluu ya Prussia na utomvu wa manjano wa gamboji, na mchanganyiko huo hauunguzi karatasi.

Sogea kwenye mikunjo, mipasuko na matundu ya wadudu. Rangi iliyotiwa kabla ya uharibifu huvunjika pamoja na karatasi: kwenye mkunjo utaona ufa mweupe ukiikata rangi. Rangi iliyotiwa baadaye huingia ndani ya ufa, hujaza ukingo wa tundu la mdudu, na hupita juu ya kiraka. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, maana hakihitaji kifaa ghali na hakibishani.

Kisha angalia rangi inavyokaa. Karatasi ya zamani ilipakwa gelatini ili isinywe maji. Rangi ya siku zile ililala juu ya gelatini hiyo, ukingo wake ukiwa safi. Miaka ikipita gelatini huoza, na mtu akipaka rangi leo, maji huzama, kingo hutawanyika kama wino kwenye gazeti, na rangi hutokeza upande wa pili. Kwenye ukurasa wako wenye ramani pande zote mbili, ukiona buluu ya bahari ya Larne imepenya hadi katikati ya njia iliyo nyuma, jibu umelipata. Wapakaji hodari wa kisasa huitia karatasi gelatini upya kabla ya kazi, kwa hiyo kingo safi hazitoshi kuthibitisha ukale; kingo zilizotawanyika, lakini, zinatosha kuutilia shaka.

Kemia nayo husaidia pale maabara inapopatikana. Buluu ya Prussia iligunduliwa mwanzoni mwa karne ya 18, hivyo inaruhusiwa kwenye ramani ya 1778. Buluu bandia ya ultramarini ilipatikana mwaka 1828. Zambarau ya anilini ilitoka mwaka 1856. Nyeupe ya titani ni ya karne ya 20, na buluu ya fithalosianini iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1930. Rangi moja tu ya namna hiyo ndani ya bahari inatosha kuonyesha kwamba bahari ilipakwa baada ya mwaka huo. Kwa ramani ya ukurasa mmoja gharama ya kipimo hicho itapita thamani ya karatasi. Kifanye kwa ramani kubwa tu, na kama kuna fedha kubwa mezani.

Na tafadhali, kijani kikali cha majani mabichi kwenye ramani ya karne ya 19 kichukulie kuwa na aseniki, ambayo ni sumu, hadi ijulikane vinginevyo. Kijani cha Scheele ni cha mwaka 1775 na kijani cha zumaridi kilifuata mwaka 1814, vyote vya shaba na aseniki. Usikisugue, usikipulizie vumbi lake usoni, usilambe kidole unapofunua mikunjo, na nawa mikono baada ya kuishika.

Je, rangi mpya inaishusha ramani? Kwa mkusanyaji, ndiyo. Kwa mtu anayetaka kuona njia ya zamani ya Larne ukutani kwake, mchapo ni ule ule wa shaba na habari zote zimo. Kinachoniuma ni jinsi kurasa hizi zinavyofika sokoni: kitabu kizima huchanwa, kurasa za mikoa yenye wanunuzi zikapakwa rangi na kuuzwa, nyingine zikatawanyika. Ukipata nafasi ya kununua kitabu kamili kilichochakaa jalada, hata chenye kurasa zilizo na madoa, kipendelee kuliko kurasa kumi zenye fremu. Na kabla ya kununua ukurasa mwingine, linganisha na nakala zilizomo Maktaba ya Taifa ya Ireland mjini Dublin au maktaba ya ramani ya Chuo cha Trinity. Ukanda wa kwenye kitabu una namba ya ukurasa iliyochongwa. Ikilingana namba, njia na jozi ya nyuma, umethibitisha asili yake bila kumuuliza muuzaji.

Kuhusu kusafisha, jibu langu ni fupi: usitie maji. Nyekundu ya kochinili na manjano ya gamboji huyeyuka au kuhama, na kijani cha shaba kikilowa husambaza shaba kwenye sehemu ya karatasi iliyokuwa salama, kisha kuungua huanza upya kwa upana zaidi. Unachoweza kufanya nyumbani ni kupangusa vumbi kwa brashi laini ya manyoya, kutoka katikati kwenda kingoni, na kwenye pembezo zisizo na rangi kutumia sifongo kavu cha mpira kinachouzwa kwa wahifadhi, kwa kugusa-gusa bila kusugua. Raba ya penseli inyime nafasi. Hung'oa nyuzi na kuacha mng'ao usioondoka. Mpasuko mdogo hufungwa kwa utepe wa karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa nzito, nyuma ya karatasi, kisha uzito wa kitabu juu yake kwa usiku mzima kati ya karatasi za kunyonya maji. Kwenye ukurasa wa pande mbili “nyuma” haipo, kwa hiyo mwachie mhifadhi. Mpasuko uliopita juu ya kijani nao mwachie, kwa sababu unyevu wa gundi tu unatosha kuhamisha shaba. Selotepu isiguse kamwe: gundi yake huwa mafuta ya hudhurungi ndani ya karatasi, na kuitoa kunahitaji dawa zinazohatarisha rangi. Kulaminishia kwa plastiki ni kuiua ramani.

Ramani kubwa ya kitambaa usijaribu kuinyoosha ili itoshe fremu. Ilikatwa vipande kwa makusudi, nafasi kati ya vipande ikiachwa kitambaa kitupu ili mkunjo usiipasue karatasi. Ikiwa kitambaa kimechoka kwenye nafasi hizo, mhifadhi huimarisha nafasi tu. Ikiwa bado na mfuko au kasha lake, vitunze pamoja hata kama kasha limevunjika, maana lebo ya muuzaji iliyobandikwa juu yake mara nyingi ndiyo inayotaja mwaka na duka.

Kwa fremu ya ukurasa mdogo, agiza ubao wa pamba asilimia 100 mbele na nyuma, wenye unene usiopungua milimita 1.5, na kwa kuwa una pande mbili, ubao wa nyuma nao ukatwe dirisha ili siku moja uweze kuutazama bila kuutoa. Ukurasa ushikwe kwa bawaba mbili za karatasi ya Kijapani kwenye ukingo wa juu pekee. Ukishikwa pande zote nne, karatasi ikivuta unyevu na kutanuka itajikunja kwa kukosa nafasi. Kioo kisiguse karatasi, na kiwe cha kuzuia miale ya urujuanimno. Hata hivyo kioo hicho hakizuii mwanga wenyewe, na rangi za maji hufifia kwa mwanga wowote: kipimo cha makumbusho ni luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), yaani mwanga hafifu wa ndani.

Mombasa, basi. Karatasi hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55 usiobadilika-badilika. Kuvu huamka ukipita takriban 65, na hewa ya Mombasa hupita hapo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana si dawa, maana karatasi hutanuka na kusinyaa kila siku. Njia inayofaa ni kuifungia ramani hewa yake yenyewe. Fremu ifungwe ungali Belfast, katika chumba kilichopimwa unyevu na kukutwa kwenye asilimia 50: kioo, ubao wa mbele, ramani, ubao wa nyuma, kisha karatasi ya alumini yenye plastiki nyuma ya vyote, halafu utepe wa kuzuia hewa uzunguke kutoka ukingo wa kioo hadi kwenye alumini bila kuigusa ramani. Ubao wa pamba uliokaa chumbani humo juma moja kabla ya kufungwa hushika kiasi cha unyevu cha kutosha kutuliza hewa iliyomo ndani. Kwa kifurushi hiki dirisha la nyuma litafichwa na alumini. Piga picha upande huo kwanza.

Itundike kwenye ukuta wa ndani. Ukuta wa nje wa mawe ya matumbawe hunyonya mvua za masika na kuzitoa polepole kuelekea chumbani. Weka vipande vya koki (gome la vizibo vya chupa) vya milimita 10 kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Usitumie plaiwudi nyuma, mchwa huipitia hadi kwenye karatasi. Ishushe na kuikagua kabla ya masika na baada yake: tafuta vumbi la unga kwenye ukingo wa chini, vidoa vya kuvu ndani ya kioo, na utepe uliobanduka. Ramani ya kukunja haitaki ukuta. Ilale ndani ya sanduku la kadibodi isiyo na asidi, sanduku nalo ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko wa mpira, pamoja na vifuko vya silika, yaani chembe zinazonyonya unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu unachoweza kukisoma bila kufungua. Silika ikishiba, ikaushe kwenye oveni kama mtengenezaji alivyoelekeza, iache ipoe, uirudishe.

Safarini, ukurasa ulio ndani ya fremu usafiri na fremu isiyo na kioo cha kawaida. Mwombe fundi atumie akriliki, kwani kioo kikipasuka huichana karatasi. Funga kati ya mbao mbili za kadibodi ya mawimbi, mawimbi ya moja yakienda wima na ya nyingine yakilala, ili zisipinde, na uubebe mkononi. Kabla ya hapo weka nyaraka sawa. Kutoka eneo la forodha la Umoja wa Ulaya, ramani iliyochapwa yenye umri wa zaidi ya miaka 200 na thamani ya kufikia euro 15,000 huhitaji kibali, na Ireland ina masharti yake zaidi kuhusu hati za kale. Wewe unaondokea Belfast, ambako taratibu za forodha zina mambo yake tangu Uingereza ilipotoka kwenye Umoja huo, kwa hiyo iandikie mamlaka ya vibali vya mali za utamaduni mapema, ukiambatanisha risiti ya mnada, picha za pande zote mbili na vipimo kwa sentimita. Nakala za hayo yote zibaki nawe. Forodha ya Kenya nayo itataka kujua thamani, na risiti ndiyo itakayosema.